Kesha Si Bidii, Kesha Ni Deni

Leo sina msimbo wa kuwaonyesha wala programu mpya ya kuipigia debe. Leo nina ugomvi, na ugomvi wenyewe ni na kesha. Si kesha ya kanisani wala ya matanga. Hizo zina kazi yake na sizigusi. Nazungumzia ile kesha ya mwanafunzi wa chuo, ile ambayo makomredi huiita transnaiti: thamosi ya chai ya rangi mezani, miguu ndani ya beseni la maji baridi, fotokopi za muhula mzima zimerundikwa kitandani, na mtihani ni saa tatu asubuhi.

Kila mtu hukesha siku moja moja, na hilo halina neno. Kinachoniudhi ni sifa. Katika vyuo vyetu aliyelala saa nne usiku huonekana mzembe, naye aliyekesha siku tatu mfululizo hutembea kama askari aliyerudi vitani na nishani. Wazazi wanasifu: "Mtoto wetu anasoma, taa haizimwi." Wenzake wanamsifu. Na mtu akifeli, ushauri anaopewa ni ule ule: jipange, ongeza saa za kusoma.

Mimi nasema hivi: kesha si bidii. Kesha ni deni. Na huo ushauri wa "ongeza saa" ndio unaowafanya vijana wetu wazidi kukopa.

Deni gani?

Mwaka 1992 mtengeneza programu mmoja wa Marekani, Ward Cunningham, alieleza jambo ambalo leo kila mtu katika kazi yetu analijua. Ukiandika msimbo ovyo ovyo ili bidhaa itoke leo, umekopa. Utapata ulichotaka, lakini kila siku utakayoshika msimbo huo mbovu utalipa riba. Tunaliita deni la kiufundi. Mkenya hahitaji kufafanuliwa zaidi ya hapo. Tangu Januari 2019 tuna Fuliza, na tunajua utamu wa kununua unga leo, na tunajua pia pesa zikiingia kesho zinavyomegwa kabla hujazishika.

Kesha ni Fuliza ya kichwa. Na hapa lazima tuseme ukweli, kwa sababu wengi wanaoikemea kesha hudanganya. Wanasema haifanyi kazi. Inafanya! Ukisoma usiku kucha, asubuhi utaingia chumba cha mtihani na vitu kichwani, utavimwaga kwenye karatasi, na huenda ukapita. Kama isingefanya kazi, wanafunzi wangeiacha zamani. Wao si wajinga. Hatari iko hapo hapo kwenye kufanya kazi kwake.

Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha jaribio ambalo ningependa libandikwe kwenye lango la kila maktaba. Waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu kifungu cha maandishi na vipindi vinne. Kundi la kwanza lilitumia vipindi vyote vinne kukisoma na kukirudia. Kundi jingine lilikisoma katika kipindi kimoja tu, na vile vitatu vilivyobaki likafunika karatasi na kujaribu kuandika kila linachokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliosoma na kurudia walishinda: walikumbuka asilimia 83, wenzao 71. Walipopimwa baada ya juma moja, mambo yaligeuka: waliosoma na kurudia walibaki na asilimia 40, waliojijaribu walikuwa na 61.

Hebu zitazame tena hizo nambari. Mtihani ukiwa baada ya dakika tano, kusoma na kurudia ndiyo njia bora. Na kesha ni nini kama si kuusogeza usomaji mpaka ubaki hatua chache tu na mtihani? Mwanafunzi anapata alama, anaamini njia yake ni nzuri, na juma moja baadaye zaidi ya nusu imeyeyuka. Hakuna anayemuuliza tena, kwa hiyo hata hajui kwamba ameibiwa.

Anajua lini? Anajua muhula unaofuata. Somo la miundo ya data limejengwa juu ya somo la kwanza la kuandika programu. Somo la kanuni za utatuzi limejengwa juu ya miundo ya data na hesabu. Aliyepita somo la kwanza kwa kesha anafika kwenye la pili bila msingi, analiona gumu kuliko lilivyo, na dawa anayoijua ni moja: kesha tena. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwaka wa nne unafika, na kijana ana madeni ya masomo kadhaa na hana hata shilingi moja ya kulipa.

Halafu anakuja kwenye usaili wa kazi. Nimewahi kukaa upande wa waulizaji, na si mara moja. Hatuulizi makubwa. Kuna zoezi dogo ambalo Imran Ghory alilifanya maarufu mwaka 2007, linaitwa FizzBuzz: chapisha nambari 1 mpaka 100, zinazogawanyika kwa 3 ziandikie Fizz, zinazogawanyika kwa 5 ziandikie Buzz, zinazogawanyika kwa zote mbili ziandikie FizzBuzz. Basi. Mtu aliyeshika vizuri majuma machache ya mwanzo ya somo la kwanza anapaswa kuimaliza kabla chai haijapoa. Nimeona wenye shahada, tena wenye alama nzuri, wakiitazama kama imeandikwa kwa Kichina. Si kwamba hawana akili. Wazazi wao waliuza ng'ombe, wao wenyewe wana mkopo wa HELB shingoni, miaka minne imekwisha, na kilichobaki kichwani ni kile kilichovumilia riba. Hilo ndilo linaloniuma, na ndiyo sababu ya ukali wangu leo.

Saa nyingi, kazi kidogo

Watu husema, "Lakini huyu kijana alisoma saa kumi na mbili!" Saa si kipimo cha kujifunza, kama vile idadi ya mistari ya msimbo isivyokuwa kipimo cha programu nzuri. Meneja anayelipa kwa mistari atapewa mistari mingi, na mwanafunzi anayehesabu saa atapata saa nyingi.

Jambo hili lilijulikana kabla reli haijafika Nairobi. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe, akikariri silabi zisizo na maana kisha akipima alivyosahau. Baada ya saa moja, zaidi ya nusu ya kazi yake ilikuwa imepotea. Baada ya siku moja, iliyobaki ilikuwa kama theluthi. Hayo wengi wameyasikia. Wachache wamesikia la pili: aligundua kwamba marudio 38 yaliyotawanywa katika siku tatu yalimpa matokeo sawa na marudio 68 yaliyobanwa katika siku moja. Somo ni lile lile, kichwa ni kile kile, na aliyetawanya alifanya kazi pungufu kwa marudio 30.

Kwa hiyo nani mvivu na nani mwenye bidii? Anayekesha anafanya kazi karibu maradufu kupata kile kile. Wahenga hawakuwa na maabara, lakini walisema haba na haba hujaza kibaba. Walisema pia mbio za sakafuni huishia ukingoni. Tunazikariri methali hizi kwa ajili ya KCSE, kisha tukifika chuoni tunaishi kinyume chake.

Na huo mwili unaokesha, uko katika hali gani? Mwaka 1997 watafiti Drew Dawson na Kathryn Reid wa Australia waliwapima watu waliokaa macho kwa muda mrefu na kuwalinganisha na watu waliokunywa pombe. Waliokaa macho saa 17 walifanya vibaya kama mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu. Waliofikisha saa 24 walikuwa kama mwenye asilimia 0.10, na hicho ni kiwango kinachozidi kile kinachokataza watu kuendesha gari katika nchi nyingi. Sasa niambie: mtoto wako akiingia chumba cha mtihani amelewa, utamsifu kwa bidii? Utamwita baba yake. Lakini akiingia amekesha, tunamwombea baraka.

Ratiba ya rangi nne

Adui wa pili ni ratiba. Najua mtashangaa, maana ratiba ndiyo dawa inayouzwa kila mahali. Mwanzoni mwa muhula mwanafunzi ananunua kalamu za rangi nne na karatasi ya manila. Hesabu ni nyekundu, programu ni buluu. Kuamka saa kumi na moja alfajiri, kusoma mpaka saa mbili, mhadhara, kusoma, chakula dakika kumi na tano, kusoma. Inabandikwa ukutani juu ya kitanda. Juma la pili imeshaharibika, juma la tatu inatundikiwa taulo.

Haikuharibika kwa sababu mwenye nayo hana nidhamu. Iliharibika kwa sababu ilikuwa uongo tangu siku ilipochorwa. Mwaka 1994 Roger Buehler na wenzake nchini Kanada waliwauliza wanafunzi waliokuwa wakiandika tasnifu wataimaliza kwa siku ngapi. Kwa wastani walisema siku 34. Walipoambiwa wakadirie endapo kila kitu kitaenda mrama, walisema kama siku 49. Walimaliza kwa siku 55 na zaidi. Soma tena: hata makadirio yao ya mikosi yalikuwa na matumaini kupita kiasi. Sisi watengeneza programu tunacheka kwa uchungu tukisikia hayo, maana ndiyo maisha yetu. Fred Brooks, aliyesimamia mfumo endeshi wa OS/360 pale IBM, aliandika kitabu kizima juu ya miradi inayochelewa mwaka 1975, na bado tunachelewa.

Kwa hiyo fanya hesabu ya kweli, si ya rangi. Juma lina saa 168. Toa saa 56 za kulala, zinabaki 112. Tuseme una masomo sita, kila moja saa tatu za mhadhara: toa 18, zinabaki 94. Kama unakaa mbali na chuo na unapanda matatu, toa saa mbili kwa siku, siku tano: zinabaki 84. Kupika, kula, kuoga, kufua, kupanga foleni ya maji, toa saa nne kila siku: zinabaki 56. Ibada, mpira, kupiga simu nyumbani, kuzungumza na marafiki kama binadamu, toa 10: zinabaki 46. Una kibarua cha saa 20? Zinabaki 26.

Saa 26. Si 80 kama ratiba ya manila inavyodai. Lakini 26 kwa masomo sita ni zaidi ya saa nne kwa kila somo kila juma, na mtu aliyelala, mwenye saa nne za kila somo kila juma tangu juma la kwanza, hahitaji kesha. Tatizo letu si kwamba saa ni chache. Tatizo ni kwamba hatuzihesabu kwa ukweli, tunajiahidi 80, tunashindwa, tunakata tamaa, tunafanya 5, halafu tunakuja kukopa 15 usiku mmoja.

Na hata hizo 26 zinaliwa. Kwa wale wanaosoma mambo ya mifumo endeshi: mnajua kumbukumbu ya tarakilishi ikijaa mfumo huanza kuhamisha kurasa kwenda diski na kuzirudisha. Ukifungua programu nyingi kupita kiasi, mashine hushinda ikihamisha tu. Taa ya diski inawaka, feni inalia, na hakuna kazi inayofanyika. Hivyo ndivyo kichwa chako kilivyo ukiwa na kitabu mbele, simu mkononi, na makundi matatu ya WhatsApp yanayoita. Unachoka kama mtu aliyelima, na shamba halijaguswa. Bandu bandu huisha gogo, na saa zako ndizo gogo.

Mnaonipinga

Najua kuna wanaosema: "Wewe una kazi, una stima, una intaneti. Hujui maisha ya mwanafunzi wa leo." Haya, tuyatazame.

Kwanza, vyuo. Nakubali, tena kwa sauti. Mwanafunzi anaambiwa apange muda wake na taasisi isiyopanga wake. CAT za masomo matano zinarundikwa katika juma moja. Mhadhiri anapotea mwezi mzima kisha anafidia mihadhara yote Jumamosi mbili kabla ya mtihani. Mgomo wa wahadhiri wa mwaka 2025 uliendelea tangu Septemba hadi Novemba, na wahadhiri walikuwa na haki ya kudai pesa zao, lakini muhula uliobaki ulilazimika kubanwa, na aliyebanwa zaidi ni mwanafunzi.

Tena kuna ushahidi kwamba tarehe za kuwasilisha kazi zinasaidia au zinaumiza kutegemea zilivyopangwa. Mwaka 2002 Dan Ariely na Klaus Wertenbroch walichapisha jaribio ambamo watu walipewa kazi tatu za kusahihisha maandishi. Waliopewa tarehe zilizoachana kwa usawa walifanya vizuri kuliko wote. Waliojichagulia tarehe walifuata. Walioambiwa "leteni zote siku ya mwisho" ndio walioshika mkia. Sasa mhadhiri anayetoa zoezi moja kubwa la kuletwa juma la mwisho amechagua njia iliyoshika mkia, kisha anawalaumu wanafunzi kwa uvivu! Wahadhiri wangu mnaosoma hapa, vijaribio vidogo kila juma, hata vya maswali matatu, vitafanya zaidi ya hotuba zenu zote za nidhamu.

Lakini komredi, usilale ukingoja chuo kibadilike. Kitabadilika ukiwa umeshahitimu.

Pili, stima na intaneti. Hii hoja inaniunga mkono mimi. Tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima iliingia gizani usiku. Aliyekuwa amejifunza kidogo kidogo kwa majuma kumi alipoteza jioni moja. Aliyekuwa ameweka muhula wake wote juu ya usiku ule alipoteza muhula. Hakuna mtu mwenye akili anayeweka data zote za kampuni kwenye diski moja bila nakala. Kwa nini unaweka elimu yako yote kwenye usiku mmoja?

Tatu, pesa. Hapa sina mzaha. Kuna wanafunzi wanaokesha si kwa sababu ya kusoma bali kwa sababu wanafanya kazi usiku, na kazi yenyewe wengine wanaijua: kuandikia wanafunzi wa Marekani na Uingereza insha zao. Mwaka 2019 gazeti la New York Times liliandika habari ndefu juu ya biashara hii na Wakenya walioifanya. Sitawahukumu kwa kutafuta karo. Njaa haina adabu. Ila naomba mtazame biashara yenyewe jinsi ilivyo. Kijana wa Kenya anakaa macho ili kijana wa ng'ambo alale. Wa ng'ambo anapata shahada, wa Kenya anapata dola chache na somo lake mwenyewe linabaki halijasomwa. Tumekuwa tukiuza nje kahawa mbichi na kununua iliyokaangwa. Sasa tunauza nje na saa za vijana wetu. Kama huna budi kufanya kibarua, fanya, lakini kiandike kwenye hesabu ya 168 kama nilivyofanya hapo juu, na saa za somo lako zikatwe kwanza, kabla ya za mteja.

Nne, wapo wanaosema siku hizi hakuna haja, mashine itaandika. Tangu ChatGPT itoke Novemba 2022, zoezi lililochukua jioni nzima linachukua dakika moja. Sawa, umepata jioni nzima. Umeifanyia nini? Zamani mvivu aliingia mtihanini na mwakenya, kile kikaratasi cha majibu kinachofichwa kwenye mkono wa shati. Angalau mwakenya aliuandika mwenyewe, na katika kuuandika mambo mawili matatu yalimwingia. Anayenakili jibu la mashine haingiwi na chochote. Itumie mashine ikuulize maswali na kusahihisha majibu yako; usiitumie ijibu kwa niaba yako. Mazoezi ya mwili hayafanywi na mtu mwingine kwa niaba yako, ya kichwa pia hayafanywi.

Basi tufanye nini?

Sitatoa ratiba. Natoa mambo matano, na yote hayahitaji kununua kitu.

1. Siku ile ile ya mhadhara, kabla hujalala, chukua karatasi tupu na uandike kila unachokumbuka bila kufungua chochote. Dakika ishirini. Kisha fungua uone ulichoacha. Itauma, maana utaona hujui ulichodhani unajua. Afadhali uchungu huo leo kuliko siku ya mtihani.

2. Kama unasoma kuandika programu, funga kitabu, fungua faili tupu, uandike ule mfano tangu mstari wa kwanza. Usinakili na kubandika. Ikigoma, soma kosa, rekebisha. Kuangalia video ya mtu akiandika msimbo hakukufanyi mwandishi wa msimbo, kama vile kutazama ligi hakujampa mtu misuli.

3. Rudia baada ya siku moja, siku tatu, juma moja, majuma mawili. Mjerumani Sebastian Leitner alieleza njia ya kadi na masanduku mwaka 1972: swali upande mmoja, jibu upande wa pili, ukipata, kadi inasogea sanduku la mbele linalofunguliwa mara chache, ukikosa, inarudi la kwanza. Ile manila ya ratiba ikate iwe kadi, hapo itakuwa na faida. Mwenye tarakilishi au simu ya Android anaweza kutumia Anki, programu huria iliyoanza mwaka 2006, haiulizi senti na inafanya kazi bila intaneti. Kwenye matatu iliyokwama foleni ya Thika Road utamaliza kadi thelathini.

4. Kila kazi unayoikadiria, zidisha kwa 1.6. Siku 34 mara 1.6 ni kama 55. Wanafunzi wa Kanada wameshakulipia gharama ya utafiti. Ukidhani mradi wa mwaka wa nne utachukua siku 30, andika 48 na uanze leo.

5. Simu ikae chumba kingine, au kwa jirani unayemwamini, kwa dakika hamsini. Kisha pumzika kumi. Na saa ya kulala ikifika, lala. Kulala ni sehemu ya kusoma, wala si zawadi ya waliomaliza.

Kumbukeni ule uchambuzi wa John Dunlosky na wenzake mwaka 2013. Walipitia mbinu kumi za kusoma. Kupigia mistari kwa kalamu ya rangi na kusoma tena na tena, mambo mawili yanayojaza usiku wa kesha, waliyaweka daraja la chini. Kujijaribu na kutawanya usomaji waliyaweka daraja la juu. Tunajua kinachofaa. Tunachokosa ni ujasiri wa kuacha kukiheshimu kisichofaa.

Kwa hiyo, komredi, usiku wa leo mwenzako akikuambia kwa majivuno kwamba hajalala tangu juzi, usimsifu. Muulize swali moja kutoka muhula uliopita, lile alilolipata. Ukimya utakaofuata ndio taarifa yake ya mkopo.

Wenye kunipinga, njooni, uwanja ni wenu. Lakini mje mkiwa mmelala.